Mguu Ulioandikwa kwa Jina la Feruzi

Asubuhi ya kwanza niliyopewa zamu ya kulinda stesheni ya Kindu, nilimzuia mtu aliyekuwa anaingia kazini kwake. Ukungu ulikuwa haujatoka mtoni. Alikuja taratibu kwa miguu, kofia imelalia sikio moja, anatafuna muhogo wa kuchoma. Mimi nilikuwa kijana wa Kibombo mwenye bunduki mpya na mabuti mapya, na nilikuwa nimeamriwa mtu asipite bila karte ya kujitambulisha. Nikamwomba karte.

Akageuka kutazama nyuma, kana kwamba nasema na mtu mwingine.

"Karte ya nani?"

"Yako."

"Mimi Feruzi. Niko naunga mabehewa hapa tangu wewe uko kwa mugongo ya mama yako. Watu wote ya hapa wananijua. Uliza hata ile mbuzi."

Mbuzi alikuwepo kweli, amelala katikati ya reli, kwa maana treni ilikuwa haijafika kwa wiki nyingi. Akina mama waliokuwa wanauza mchele wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nikakaza uso. Mwishowe akavua kofia, akatoa karte iliyokuwa imefichwa ndani yake, imekunjika na kulowa mafuta, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempelekea chifu kuku. Tangu siku ile alikuwa akipita ananigusia kofia tu, nami nampigia saluti. Huo ndio urafiki wetu wote. Watu wakisikia habari yetu hudhani tulikula kiapo. Hatukuwahi kula hata bugali pamoja.

Ninaandika haya kwa sababu ya karatasi. Mwaka huu tume ilikuja Kindu kuwaandikisha upya askari walioachishwa jeshi kwa ulemavu. Mimi niliachishwa baada ya vita, na katika dosie yangu mtu mmoja aliandika: ugonjwa wa mguu. Maneno hayo matatu yamenila miaka. Mwenye ugonjwa hupata kitu kidogo ambacho huja kikipenda. Aliyeumizwa vitani ana haki ya malipo ya ulemavu mpaka afe, na mke wake baada yake. Mguu wangu wa kulia ulivunjwa na risasi, chini kidogo ya goti. Lakini maandishi pekee yaliyoandikwa siku zile juu ya mguu huu yanasema jambo jingine, nami nilikuwa nimelala hapo hapo yakiandikwa, na nilishukuru.

Waasi walipotoka mashariki tuliambiwa kwamba Kindu haianguki. Radio ilisema hivyo, na wakubwa wetu walisema hivyo kila asubuhi kwenye gwaride. Mimi niliamini mpaka siku nilipoona godoro la komanda linapakiwa kwenye gari. Mwenye macho haambiwi tazama. Jioni ile wengi walivuka mto au walifuata reli kwenda kusini. Kundi letu liliachwa kwenye barabara ya uwanja wa ndege, watu kumi na tano, tukiambiwa tungoje amri.

Amri haikuja.

Walikuja wao, saa nne asubuhi, jua kali.

Sikusikia ile risasi. Niliona tu kwamba mguu umegeukia upande usio wake, ndipo nikaanguka.

Wenzangu walikimbia. Siwalaumu tena. Nilipokuwa kijana niliwalaumu sana, lakini chuki nayo inataka chakula, na mimi sina cha kuilisha.

Nilijiburuta kuelekea stesheni kwa sababu sikujua mahali pengine mjini. Feruzi alinikuta chini ya behewa. Alileta kitoroli cha mizigo, akanilaza juu yake, akanifunika magunia matupu ya mchele, akanisukuma mchana kweupe, anapiga mluzi, mpaka dispansari ya watumishi wa reli. Muuguzi pale alikuwa mke wake, Mama Zaina.

Yeye hakupiga mluzi. Alinivua nguo za jeshi, akazitia katika jiko alilokuwa anachemshia sindano, na mabuti akayatupa chooni. Halafu akakaa na kitabu kikubwa cha wagonjwa magotini, kalamu mkononi, bila kuandika. Dispansari ile ilikuwa ya watu wa reli na familia zao, na kila mgonjwa aliandikwa pamoja na namba ya karte yake ya kazi. Mwanaume mwenye jeraha, asiye na karte, waasi wakimkuta kitandani watamwita askari, na hawatakosea.

Feruzi akavua kofia. Akaweka karte yake juu ya kitabu.

"Andika jina yangu."

"Na wewe?" mke wake akamwuliza.

"Mimi watu wote ya hapa wananijua."

Mama Zaina alimtazama kwa muda mrefu. Nimeufikiria utazamo ule mara nyingi kuliko nilivyoifikiria risasi. Kisha akaandika: Feruzi, mwunga mabehewa, amebanwa na mabehewa akiwa kazini, miguu yote miwili.

"Ni mmoja," nikasema.

"Nyamaza. Ule mwingine iko na alama ya buti."

Ni kweli. Buti la askari huchora duara juu ya kifundo, ngozi inang'aa, na wale watu walikuwa wanawakagua wanaume miguu. Basi akaufunga mguu wangu mzima kwa vitambaa vilivyopakwa damu ya mguu wangu mbovu. Picha ya kwenye karte ilikuwa imeliwa na mafuta ya mashine. Ingeweza kuwa yangu, au yako, au ya yule mbuzi.

Walikuja siku ya tatu.

Mmoja alibaki mlangoni. Mkubwa wao alipita kitanda kwa kitanda. Alisoma karte yangu, akasoma kitabu, akavuta shuka.

Akanitazama begani. Pale palikuwa na alama ya mkanda wa bunduki. Tulikuwa tumeisahau.

"Hii ya nini?"

"Ya vyuma. Watu ya reli tunabeba vyuma kwa bega."

Akamgeukia Mama Zaina.

"Huyu njo bwana yangu," mama akasema. "Ile bega naijua."

Yule mkubwa akanirushia karte kifuani, akaenda kitanda kingine. Kwenye kitanda cha mwisho walimchukua mtu ambaye karte yake haikuonekana. Alikuwa anahara tu, maskini, na sidhani aliwahi kushika bunduki.

Wiki iliyofuata soko lilikuwa bado limefungwa, na wagonjwa walikuwa wanakunywa maji ya muhogo. Dada yake Feruzi alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya pili, upande wa Alunguli. Feruzi akapanda mtumbwi kwenda kutafuta mchele. Alikuwa amevuka hivyo tangu utotoni, na mwenye mtumbwi alikuwa jirani yake. Mambo haya jirani huyo alimsimulia Mama Zaina, na mama akanisimulia mimi.

Ng'ambo walikuta kizuizi kilichowekwa asubuhi ile ile. Waasi wakaomba karte. Feruzi akacheka. Kwa mazoea akavua kofia, akatia mkono ndani.

Hapakuwa na kitu.

Akawaambia kwamba watu wote wa hapa wanamjua. Akawageukia watu waliokuwa ufukweni.

Walimjua. Wote walimjua. Waliangalia chini.

Wakamvua shati, wakaona bega. Yeye ndiye aliyekuwa na alama ya vyuma kweli, lakini wao waliisoma kuwa ya mkanda wa bunduki.

Asubuhi iliyofuata Mama Zaina alikuja kunibadilishia vitambaa kama kawaida, na kitenge chake cha maua, kile kile cha jana. Alifanya kazi yake mpaka mwisho. Akafunga fundo, akaukata uzi.

"Jana wameua Feruzi, ng'ambo," akasema kwa sauti ndogo.

Nilifungua mdomo. Akaniziba kwa kiganja.

"Usilie. Feruzi iko kwa kitanda. Muntu haliliwi akiwa kwa kitanda."

Wale walioishi kwetu wanajua maana ya maneno hayo. Mtu akifa, nyumba yake hujaa watu. Wanaume hukaa nje kwenye viti vya kuazima, wanawake hulala chini na mfiwa, sauti husikika mtaa mzima. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, hatoki, hajipambi, mpaka siku zake zitimie. Mama Zaina hakupata hata moja katika hayo. Angepiga ukelele mmoja tu, wangeuliza ni nani basi aliyelala kitandani. Kwa wiki sita alikuja kazini na kitenge cha maua. Watu wa stesheni walikuwa wanajua. Walikuja kunijulia hali kwa sauti kubwa, "Feruzi, umeamkaje?" nami ninawajibu, na mmoja wao, mzee wa kuangalia taa za reli, alikuwa anatoka nje kila mara anakwenda nyuma ya choo, anarudi macho mekundu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitaka kuishi. Nasema wazi kwamba zile wiki sita nilikuwa nalala usingizi mzuri, na naona haya mpaka leo.

Nilipoweza kukaa, walinipakia kwenye kiberenge, kile kigari cha kusukumwa kwa mikono juu ya reli, chini ya mbao na vyuma vya matengenezo, wakanipeleka kusini mpaka Kibombo. Kitanda kilibaki kitupu, na kitanda kitupu kinahitaji maelezo. Mama Zaina akafungua kitabu, akaandika kwamba Feruzi amefariki kwa majeraha aliyopata kazini. Niliondoka mjini asubuhi, mchana nikafa. Jioni ile akavua kitenge cha maua, akakaa chini, na mtaa mzima ukalia pamoja naye juu ya jeneza lililokuwa na gunia la mchanga.

Vita viliisha kama vinavyoisha kwetu, polepole na bila kuaga. Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Jeshi lilipounganishwa nilijiandikisha ili nisipoteze miaka yangu, wakanipima, wakanitoa. Daktari aliniuliza niliumia wapi, nikamwambia vitani. Akaomba karatasi. Sikuwa nayo. Akaandika yale maneno matatu.

Nilirudi kuishi Alunguli. Kila mwaka nilivuka mto kwenda kwenye dua ya Feruzi, katika nyumba yake ya matofali ya watu wa reli. Mama Zaina aliwaambia wajukuu kwamba mimi ni ndoyi wa babu yao. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana ndoyi, na ndoyi si rafiki tu. Ukibeba jina la mtu, nyumba yake ni yako, na shida yake pia. Mimi jina langu ni jingine kabisa, tena la Kikristo, lakini hakuna mtoto aliyeuliza. Miaka yote hiyo nilikula wali katika nyumba ile, sikuwahi kujiuliza nyumba yenyewe imesimama juu ya nini.

Tume ilipokuja, adjudan mmoja wa jeshi aliyekuwa anashika madosie alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Kitabu ingali?" akaniuliza.

"Ingali. Mama alikichunga."

"Na ule mama iko muzima?"

"Muzima."

"Njo rahisi. Aandike kama ule muntu wa kwa kitanda alikuwa wewe, na ile kidonda ilikuwa ya risasi. Aweke mukono. Kopi moja itaenda kwa watu ya reli, juu ya vile kitabu ni yao. Wiki mbili uko mulemavu wa vita, papa. Na dawa ya ile mugoti watakulipia."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyovuka mto siku ile. Mke wangu ana shinikizo la damu. Mimi goti likivimba siku za mvua nashindwa kwenda hata shambani. Niliishika ile karatasi ndani ya shati kama mtu aliyeiba.

Mama Zaina alikuwa amekaa uani anachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na binti yake, Mariamu, ambaye ni mjane pia na ana watoto wanne ndani ya nyumba hiyo. Nilimweleza. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akapangusa mikono.

"Mariamu, niletee miwani."

Mariamu hakuinuka.

"Mama, umuambie."

"Nimesema miwani."

"Basi mimi njo nitamuambia." Akanigeukia, kwa heshima, macho chini. "Baba, hii nyumba walituachia juu ya vile baba alikufa kwa kazi. Imeandikwa mule kwa kitabu. Na ile kidogo mama anapata, ni ya mujane wa ajali ya kazi. Kama hakubanwa na mabehewa, kama ni wewe ulikuwa kwa kitanda, basi yeye alikufia kwa safari ya mutumbwi. Kwa mutumbwi reli haimujue."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mguu ni mmoja, na tayari ulikuwa unalisha nyumba. Nilikuwa nimekuja kuunyang'anya. Na sikuwa nimekuja kwa ubaya, hilo ndilo linalochosha. Nilikuwa nadai changu.

"Lete kalamu, ndoyi," Mama Zaina akasema.

"Mama, umesikia yenye mutoto amesema," nikamwambia.

"Nimesikia. Mimi njo niliandika, mimi njo nitafuta." Alinyoosha mkono. "Unazani ni juu yako? Mimi nimechoka. Tangu ule mwaka naomba kwa kaburi ya muchanga. Nataka siku moja iandikwe alikufia wapi. Iandikwe alikuwa muzima, miguu yake yote miwili mizima, anaenda kutafutia wagonjwa muchele. Si ile uongo ya mabehewa. Feruzi hakuna behewa ingeweza kumubana. Alikuwa fundi."

Mariamu alianza kulia bila sauti. Watoto wake walikuwa wanacheza barazani, mmoja amevaa kofia kubwa kuliko kichwa chake.

Niliitazama ile karatasi. Nikamtazama mama. Alikuwa anastahili ukweli wake kuliko mtu yeyote niliyemjua, na mimi nilikuwa nastahili malipo yangu, na tungeweka mikono miwili tu, tungepata vyote. Halafu watu sita wangehamia wapi? Niliikunja karatasi, nikairudisha ndani ya shati.

"Njo unanikatalia?" akauliza.

"Njo nakukatalia, mama."

Kisha akarudi kwenye sombe yake, anachambua jani kwa jani, na machozi yakimdondokea ungoni. Hakunisindikiza, na alikuwa na haki. Nilimkatalia kitu pekee alichowahi kuniomba.

Kesho yake nilirudi kwa adjudan.

"Mushahidi iko wapi, papa?"

"Alikufa."

"Kumbe ulisema ni muzima."

"Nilikosea. Mwenye kujua ile mambo alikufa."

Akanitazama juu ya miwani yake. Nadhani alielewa kitu, si chote.

"Muntu amekufa haweki mukono," akasema.

"Njo vile."

Akagonga muhuri. Ugonjwa wa mguu ukabaki ugonjwa wa mguu. Alinipa mkono, jambo ambalo wengine hawakufanyiwa, na akaniambia nipake mafuta ya moto jioni.

Nimepima mambo haya mara nyingi, na mizani haikai sawa hata mara moja. Mke wangu aliponiuliza nilimweleza, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema sawa, lakini si sawa, na sote wawili tunajua. Siwezi kusema nilifanya vizuri. Nilifanya lililowezekana. Na kwa kuwa hakuna kitabu cha serikali wala cha reli kitakachoandika, ninaandika hapa, na majina yote nimeyabadili kwa sababu iliyo wazi: mtu ninayemwita Feruzi, mwunga mabehewa, alikufa kwenye ufuko wa Alunguli, akiwa mzima, kofia mkononi, akitafutia wagonjwa mchele.

Siku ile ya muhuri nilivuka kurudi nyumbani. Penye ufuko ule ule sasa pana kibanda, na polisi kijana ambaye vita vile alisimuliwa tu. Nilishuka mtumbwini na fimbo yangu, nikavua kofia, nikatoa karte iliyo ndani, nikampa kabla hajaniomba. Hufanya hivyo kila nikivuka, na yeye hucheka kila mara.

"Muzee, rudisha tu. Hapa watu wote wanakujua."

"Soma," nikamwambia.

Akalisoma jina langu lote, mpaka mwisho, ndipo nikapita.